Lesotho si ziwa, Ndugu Mhariri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Najua mnapenda barua fupi, na hii haitakuwa fupi. Ukilazimika kuikata, kata popote ila habari ya Lesotho uiache, maana ndiyo iliyoniinua kitini.

Wiki iliyopita, kwenye ukurasa wa wanafunzi, mlitoa makala kuhusu bara la Afrika pamoja na ramani ya rangi. Binti yangu yuko kidato cha pili na alikuwa na kazi ya jiografia, kwa hiyo aliukata ukurasa ule akaubandika kwenye daftari. Jioni akaniletea. Mimi nimeendesha lori la masafa marefu kwa miaka 22, mpaka mgongo ulipogoma, na hapa nyumbani habari za nchi za watu huletwa kwangu kama redio mbovu inavyopelekwa kwa fundi. Nikavaa miwani. Nikaona Afrika Kusini imepakwa rangi ya chungwa, na ndani yake kuna doa la buluu, buluu ileile mliyopaka Ziwa Viktoria. Binti akauliza, "Baba, hili ziwa linaitwaje?"

Ndugu Mhariri, ziwa hilo linaitwa Ufalme wa Lesotho. Nimelala humo siku mbili na sikulowa. Lina mfalme, lina bunge, lina sarafu yake iitwayo loti ambayo thamani yake ni sawa na randi ya jirani, hata dukani hupokea yoyote utakayotoa. Ni kweli nchi ile imezungukwa na Afrika Kusini pande zote kama kiini cha yai. Lakini sehemu yake ya chini kabisa iko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hakuna nchi nyingine huru duniani ambayo ardhi yake yote iko juu ya mita 1,000. Mmechukua dari mkaliita kisima.

Nilifika Maseru, mji mkuu wake, mara moja tu, mwezi wa Julai, kwa mzigo ambao nao una hadithi yake ndefu. Usiku niliacha chupa ya maji kwenye ngazi ya kichwa cha lori. Alfajiri niliishika ninawe uso, nikaitikisa, kimya. Imekuwa barafu tupu. Nikabaki nimesimama na chupa yangu kama aliyeshika jiwe, miguuni nimevaa makubazi, na mzee mmoja akapita amepanda farasi, amejifunga blanketi zito lililobanwa kwa pini. Akanitazama miguu, akatikisa kichwa, akaenda zake. Hakusema neno, wala halikuhitajika.

Halafu aya ya pili ya makala yenu inasema Afrika ni bara la joto mwaka mzima! Ikweta inalipita bara hili katikati, kwa hiyo kipupwe cha kusini ni kiangazi cha kaskazini, na Desemba watu wa milima ya Atlas kule Morocco wanapoona theluji, Johannesburg wanatafuta kivuli. Mvua nayo hulifuata jua. Januari iko Zambia, na njia za pembeni zinageuka uji. Ikifika Julai, Zambia hakuna tone na mvua imehamia Sahel, ukanda ulio chini ya jangwa, ambako Januari ileile walikuwa wanakula vumbi linaloletwa na upepo wa Sahara. Dereva anayepeleka mzigo bila kujua mwezi huu mvua iko wapi atalala porini. Msitufundishie watoto hali ya hewa moja kwa bara zima.

Niwe mwadilifu kidogo. Huenda mchoraji wenu alikuwa anatania, kwa sababu kitu kikubwa ambacho Lesotho humuuzia jirani yake ni maji. Kuna mkataba wa mwaka 1986, kuna bwawa la Katse huko milimani, na kuna mahandaki yaliyotobolewa chini ya milima kupeleka maji hayo mpaka eneo la Johannesburg. Kama ndiyo sababu ya buluu ile, basi mngeandika chini yake.

Kwenye kona ya ramani mliweka ramani ndogo ya dunia nzima. Humo Greenland inakaribia kulingana na Afrika. Mchoro wa namna hiyo ulibuniwa na mchora ramani Mercator mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia, na kwa baharia ulikuwa na maana kubwa, kwa sababu akinyoosha mstari kwa dira haumpotezi. Gharama yake ni kwamba nchi zilizo mbali na ikweta huvutwa zikavimba, na sisi tulio katikati tunabaki wadogo. Afrika ina kilomita za mraba zipatazo milioni 30, na Greenland haifiki milioni 2.2. Utaiingiza Greenland humu mara 13, na nafasi itabaki.

Mimi mwenyewe nimewahi kujidanganya. Kutoka Dar es Salaam mpaka Lubumbashi, kule Kongo, ni karibu kilomita 2,000. Unapanda mlima wa Kitonga kwa gia ndogo huku unanusa breki za wanaoshuka, unavuka Zambia karibu yote, unafika umechoka hadi kope, unajiona umeizunguka Afrika. Siku moja nilichukua rula. Kutoka ncha ya Tunisia mpaka Rasi Agulhas, mwisho wa bara kusini, ukinyoosha, ni kilomita kama 8,000. Miaka 22 yote nilikuwa nazunguka kwenye kona moja ya nyumba.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikalisha chini kuandika. Binti aliweka kidole kwenye mstari mwekundu mliochora kati ya nchi na nchi, akauliza, "Baba, ukifika hapa, mstari unauona?"

Ni swali zuri kuliko makala nzima. Makala yenu inaeleza nchi kana kwamba kila moja ina watu wake, lugha yake na mvua yake, na mstari ukifika vyote vinasimama. Mimi nimelala kwenye mistari hiyo usiku mwingi kuliko niliolala kitandani kwangu, kwa hiyo naomba niwaeleze inavyoonekana ukiwa chini.

Chukua Tunduma na Nakonde, kwenye mpaka wetu na Zambia. Kwa macho ni mji mmoja. Mama anatoka na beseni la nyanya upande huu, anauza upande ule, anarudi kabla chungu hakijachemka. Wanyamwanga wako huku na huko, shangazi huku, mpwa kule. Unachokiona ni saa. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo ukimaliza shughuli Tunduma saa sita mchana, ukavuka, unakuta ni saa tano, na Mzambia saa tano yake anaiita kumi na moja kwa sababu hahesabu saa kwa Kiswahili. Utingo wangu mmoja alipanga kukutana na wakala wa forodha "saa nne", wakasubiriana siku nzima, kila mmoja akimwona mwenzake mhuni. Tena hapo ndipo utakapodaiwa kadi ya njano, na ole wako usiulize ipi, kwa maana ziko mbili: moja ni bima ya gari, nyingine ni ya chanjo ya homa ya manjano. Nimewahi kumwonyesha daktari bima ya lori.

Kasumbalesa ni kinyume chake. Pale, kwa mara moja, mstari una sababu ya asili. Mpaka wa Zambia na Kongo, ile ya Kinshasa, katika eneo lile unafuata mgongo wa ardhi unaogawa maji. Mvua ikinyesha upande wa Zambia huteremka kuelekea Kafue, kisha Zambezi, kisha Bahari ya Hindi. Ikinyesha upande wa pili huingia Luapula, ikawa Mto Kongo, ikavuka ikweta mara mbili, ikamwagika Atlantiki. Foleni ikiwa ndefu niliwahi kukaa siku nne juu ya mgongo huo, na mbele yangu paa la kibanda cha bati lilikuwa linamwaga maji pande zote mbili. Sikujua wakati ule nilichokuwa nakitazama. Nilikuja kukielewa baadaye nikiwa na ramani ya mito, ambayo haikuwa na mpaka hata mmoja.

Na usidhani mgongo huo unaonekana kwa macho. Hakuna mlima. Ni miti, vumbi na malori. Ila ukishavuka unahama upande wa barabara, kwa maana Kongo huendesha kulia na usukani wangu uko kulia vilevile, kwa hiyo kumpita mwenzako ni mpaka utingo achungulie dirisha la upande wake. Pesa zinabadilika, karatasi za serikali zinakuwa za Kifaransa. Halafu unafika Lubumbashi, mama muuza mahindi anakukaribisha kwa Kiswahili! Chao hicho, cha mutoto na bintu, lakini tunaelewana bila mkalimani. Zambia yote niliyoivuka nilikuwa nagugumia Kibemba cha kuombea chakula, na nyuma ya ukuta wa mbali kabisa nikakuta lugha yangu inanisubiri. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa za Kongo. Ramani yenu mliyoandika "nchi za Kiswahili" imeishia Ziwa Tanganyika.

Kuhusu lugha nina jambo moja la kuchekesha na moja la tahadhari. La kuchekesha ni kwamba sijawahi kulala njaa kusini kwa sababu ya neno nyama. Wabemba wanasema inama, Washona nyama, Wazulu inyama, Watswana na Wasotho nama. Unasema utakavyosema, sahani inakuja. La tahadhari ni kwamba nilikwisha kujenga nadharia yangu kwamba bara zima ni ndugu wa nyama mmoja, hasa niliposikia Wahausa nao wanasema nama. Kumbe Kihausa si Kibantu hata kidogo, ni ndugu wa mbali wa Kiarabu na Kiamhari, na maneno yakifanana hivyo huenda ikawa ni bahati tu. Kimalagasi cha Madagaska nacho, pamoja na kwamba kisiwa chenyewe kiko hapa jirani, jamaa zake wa karibu wako Borneo, ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Bara hili lina lugha zinazokaribia 2,000. Makala yenu imezipa sentensi moja.

Niitaje Kazungula, kisha niache habari za barabarani. Pale kwenye Zambezi nchi nne zinakaribiana kama watu wanaogombea benchi: Zambia, Botswana, Namibia na Zimbabwe. Zambia na Botswana zinagusana kwa kipande cha mto cha mita kama 150 tu. Zamani tulivuka kwa pantoni, lori moja kubwa kwa safari moja, na nyuma yako foleni ambayo watu walikuwa wanafulia nguo na kuzikausha zikakauka. Mei 2021 likafunguliwa daraja la mita 923. Ukilipita utahisi usukani unakudai uukunje: daraja limepinda kama upinde, ili lisikanyage upande wa Zimbabwe. Kipindi hicho cha kona nilikuwa nacheka peke yangu kila mara. Chuma na zege vimepinda kwa sababu ya mstari usioonekana ndani ya maji.

Na Namibia imefikaje pale, wakati mwili wake uko kwenye Atlantiki? Imenyoosha mkono mwembamba wa kilomita kama 450, uitwao ukanda wa Caprivi. Hapa ndipo naomba mwandishi wenu anisikilize, maana aliandika kwamba mipaka yote ya Afrika ilichorwa kwenye mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885. Mkutano ule uliweka kanuni za Wazungu wao kwa wao. Mistari mingi ilikuja baadaye, mkataba kwa mkataba, wawili wawili. Huu wa Caprivi ni wa tarehe 1 Julai 1890, kati ya Uingereza na Ujerumani. Wajerumani walitaka koloni lao la kusini magharibi liifikie Zambezi, na kansela wao ndiye aliyeitwa Caprivi. Mto wakaupata. Ila kutoka Kazungula, mwendo wa kama kilomita 70 tu kuteremka, mto wenyewe unaanguka Mosi-oa-Tunya, yaani maporomoko ya Viktoria, zaidi ya mita 100 kwenda chini. Hakuna meli ya kupita hapo. Mvuvi yeyote wa pale angewaambia bure.

Karatasi hiyohiyo ya 1890 ndiyo iliyoiweka Zanzibar chini ya Waingereza, ikawapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland kule kwao, na ndiyo iliyotaja mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ambao ndio huo wa Tunduma. Kwa hiyo shangazi wa Kinyamwanga, daraja jirani na Caprivi na Sultani wa Unguja wote wamo katika saini za siku moja. Hili ndilo ningependa binti yangu alisome kwenye ukurasa wa wanafunzi, na hakulikuta.

Msije mkadhani nataka mistari ifutwe. Kijiweni wako wanaosema hivyo, na wengi wao hawajavuka hata mmoja. Julai 1964, Cairo, wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikubaliana kuiheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru, na Mwalimu Nyerere ndiye aliyepeleka hoja hiyo. Morocco na Somalia hazikukubali. Nami nikiwa nimekasirika kwenye foleni nilikuwa namlaumu Mwalimu kimoyomoyo. Lakini Ethiopia na Eritrea walipigana kuanzia 1998 mpaka 2000, na cheche ya vita ile ilikuwa mji mdogo wa Badme, nani mwenye haki nao. Kila mmoja angeanza kuvuta mstari kumfuata shangazi yake, sijui tungeishia wapi. Mwalimu aliona mbali kuliko mimi na foleni yangu.

Ila hata mistari hiyo haikugandishwa. Mmeandika Sudan ndiyo nchi kubwa kuliko zote Afrika. Ilikuwa, mpaka tarehe 9 Julai 2011 ilipozaliwa Sudan Kusini. Tangu hapo ni Algeria, ikifuatiwa na Kongo. Na katika idadi, mwalimu mmoja alimkosesha binti yangu alama kwa kuandika nchi 55, akisema ni 54. Wote wawili wana haki. Umoja wa Mataifa una wanachama 54 wa Afrika. Umoja wa Afrika una 55, kwa sababu unaihesabu Jamhuri ya Kiarabu ya Sahrawi, ambayo Morocco inaidai ardhi yake kuwa yake, na ndiyo sababu Morocco ilijitoa mwaka 1984, ikarudi 2017. Alama ile sikuidai. Mnajua walimu.

Ombi langu ni dogo. Mkirudia makala hiyo, wekeni ramani mbili kando kwa kando, za ukubwa mmoja na za vipimo visivyoivimbisha Greenland. Moja iwe ya nchi, kama mlivyozoea. Nyingine iwe ya mito, milima na mvua, bila mstari hata mmoja wa mpaka, ili mtoto aweke kidole Kasumbalesa kwenye zote mbili aone maji yanaelekea wapi na lori linasimama wapi. Ziwa Tanganyika nalo muwape na Burundi na Zambia pwani zao, maana mmeligawa kwa wawili wakati ni la wanne. Kwenye nchi 16 zisizo na bahari, wekeni basi hata mshale mdogo kuonyesha bandari zao, maana shaba ya Katanga kule Kongo haijui rangi ya nchi. Inajua Dar es Salaam, Beira, Durban, Walvis Bay na Lobito, na ni sisi na reli tunaoifikisha.

Na Lesotho mpakeni kahawia, rangi ya milima. Binti yangu amekwisha kuipaka kwa kalamu yake, akaongezea na farasi mdogo ambaye sikumwomba. Kwa hiyo nakala yetu imesahihishwa. Zimebaki zile nyingine mlizouza.

Msomaji wako wa kila siku,
Dereva mstaafu wa malori ya masafa marefu